Mhandisi wa Uzalishaji Anazalisha Nini?

Kila matokeo ya kidato cha sita yanapotoka, wazazi hufika idarani kwetu na vijana wao, na swali moja halikosi: "Mwalimu, huyu mhandisi wa uzalishaji anazalisha nini?" Wa ujenzi ana maghorofa ya Kariakoo, wa umeme ana nguzo. Wetu hana cha kuonyesha kwa kidole.

Tuchukue mfano wa kiwanda cha maji ya chupa. Mtambo wa kujaza unajaza chupa 100 kwa dakika, wa kubandika lebo unabandika 60. Mwenye kiwanda akinunua mtambo wa kujaza chupa 150, zitakazotoka mlangoni ni zilezile 60, na nyingine zitamrundikia sakafuni zikisubiri lebo. Mhandisi wa uzalishaji ndiye wa kumwambia asitoe hizo fedha. Tena kuhama kutoka chupa za nusu lita kwenda za lita moja na nusu kunasimamisha kazi dakika 90, na nyingi kati ya hizo zinaishia kutafuta spana. Vifaa vikiandaliwa mapema, mitambo ikiwa bado inazunguka, zinaweza kubaki dakika 30. Saa moja iliyookolewa ni chupa 3,600, na hakuna kilichonunuliwa. Njia hii aliipa umaarufu Mjapani Shigeo Shingo, aliyefanya kazi na Toyota, na inafaa kiwanda cha Chang'ombe sawasawa na cha Nagoya.

Fani hii ina majina mengi, kwa hiyo msitafute neno "uzalishaji" peke yake. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa mfano, kinafundisha Uhandisi wa Viwanda pale Mlimani, kwa miaka minne. Anayetoka kidato cha sita ahakikishe fizikia na hisabati ziko vizuri. Mwenye stashahada ya ufundi naye ana njia yake, na nikiri kwamba wengi wa hawa hunipa raha darasani kwa sababu wameshashika tupa na mashine ya kukereza. Darasani kuna mekanika, michoro na sayansi ya vifaa. Kinachowashtua wengi ni takwimu. Huwezi kusema ujazo wa chupa umeanza kupotoka kwa kutazama tu. Unapima, unachora chati, ndipo unasema.

Ajira zipo, ila nisiwadanganye. Viwandani Barabara ya Nyerere na Ubungo ukiajiriwa leo, yaelekea utaanza kama msimamizi wa zamu, na zamu za usiku zitakuhusu. Mshahara wa mwanzo haulingani na jina la shahada. Wapo wanaokimbilia benki mwaka wa kwanza tu. Anayevumilia hupanda kuelekea upangaji wa uzalishaji, udhibiti wa ubora, au umeneja wa kiwanda; wengine hufuata usambazaji na maghala, kazi ambayo jiji la bandari halikosi. Wengine huwasaidia wajasiriamali wa sabuni na unga walioko kwenye maeneo ya SIDO, shirika la kuendeleza viwanda vidogo, ambako meza ikihamishwa tu kazi inaenda kasi.

Ukihitimu, jisajili Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Ipo programu yake ya miaka mitatu, SEAP, inayomweka mhitimu chini ya mhandisi mzoefu hadi afikie usajili kamili. Wengi huidharau, kisha miaka sita baadaye wanaanza kukimbizana na fomu.

Na fildi, yaani mafunzo ya vitendo ya mwanafunzi kiwandani. Kijana anafika kiwandani, anaambiwa "kaa hapo utazame," anachukia, anachezea simu mpaka barua yake igongwe muhuri. Mimi huwaambia wanafunzi wangu wabebe saa na daftari: mtambo umesimama saa ngapi, kwa nini, umewashwa saa ngapi. Baada ya wiki mbili, mpelekee meneja wa uzalishaji kurasa hizo na umwombe dakika 10 zake.