Priampu ya vali: ibadilishwe au ibaki? Dhana potofu na ukweli

Mwenye priampu nzuri ya vali (kifaa cha kuchagua chanzo na kudhibiti sauti kabla ya amplifaya ya nguvu, kinachotumia mirija ya kioo badala ya transista) kwa kawaida haulizi kama imeharibika. Anauliza kama ipo iliyo bora kuliko yake. Malalamiko mengi yanayomfanya mtu auze mashine nzuri yana vyanzo viwili: priampu haipatani na amplifaya ya nguvu inayoifuata, au sehemu zake ndogo zimezeeka. Yote mawili hupimika kwa multimita ya kawaida, na mara nyingi hutengenezeka kwa sehemu ndogo tu ya bei ya mashine mpya. Zifuatazo ni dhana zinazowapeleka watu dukani kabla ya wakati.

"Inayokuza zaidi ndiyo bora"

Ukuzaji mkubwa ulikuwa na kazi yake enzi ambazo tyuna na deki za kaseti zilitoa milivolti mia kadhaa tu. Kicheza CD hutoa takriban volti 2. Vigeuzi vingi vya dijiti (DAC) navyo hutoa hizo hizo kwenye RCA (soketi ya kawaida ya pini moja), na kama volti 4 kwenye XLR (soketi ya pini tatu). Amplifaya nyingi za nguvu hufikia kilele, yaani nguvu zake zote, zikipewa volti 1 hadi 2.

Piga hesabu. Priampu yenye ukuzaji wa 20 dB (desibeli) huzidisha volti mara 10, kwa hiyo volti 2 zikiingia na kitufe cha sauti kikiwa kimefunguliwa chote, zitatoka 20. Kama amplifaya yako inatosheka na volti 1, lazima ushushe 26 dB ili tu ufikie kilele chake. Usikilizaji wa kawaida wa nyumbani uko 20 hadi 30 dB chini ya hapo. Ndiyo maana kitufe hakivuki robo ya mzunguko wake, na robo hiyo ya kwanza ndiyo sehemu mbovu zaidi ya potenshometa (rezista inayozungushwa na kitufe cha sauti): njia zake mbili hazilingani, kushoto na kulia vinaweza kutofautiana kwa 2 au 3 dB, na sauti ya mwimbaji aliyepaswa kuwa katikati inaegemea upande mmoja. Isitoshe, makelele ya vali zilizo baada ya potenshometa hayashuki unapopunguza sauti. Yanatoka yote kama yalivyo.

Tiba ni rezista mbili kwa kila upande. Kwa amplifaya yenye impidansi ya kuingilia (ukinzani wake kwa mawimbi ya sauti yanayoingia) ya 47 kΩ, weka 33 kΩ kwenye njia ya sauti, kisha 22 kΩ kutoka hapo hadi ardhi. Sauti itashuka 10 dB, na priampu itaona mzigo wa karibu 48 kΩ, ambao ni mwepesi kwa vali. Tumia rezista za utando wa metali, robo wati, asilimia 1. Zikae kwenye plagi ya upande wa amplifaya. Ukiziweka upande wa priampu, waya wote unaofuata utakuwa unasukumwa kupitia kama 13 kΩ, na waya wa mita 5 wenye pF 100 kwa mita utaanza kula sauti za juu (trebo).

Ukifanya hivyo, kitufe kikapanda na makelele yakashuka, sababu ya kununua imeondoka.

"Besi ya vali ni legevu kwa asili yake"

Hii ndiyo dhana inayouza priampu nyingi kuliko zote, na ndiyo rahisi zaidi kuikanusha. Vali zenyewe hazina shida na 20 Hz. Shida iko kwenye kapasita ya kutokea, ile inayozuia DC (umeme wa mwelekeo mmoja) ya anodi au kathodi, elektrodi za vali, isifike kwenye amplifaya. Pamoja na impidansi ya kuingilia ya amplifaya, kapasita hiyo ni kichujio kinachokata besi.

Chukua kapasita ya 0.47 µF. Ikiisukuma amplifaya ya vali yenye 100 kΩ, besi inapungua 3 dB kwenye 3.4 Hz, mbali na masikio. Ikipewa amplifaya ya transista yenye 10 kΩ, kikomo hicho kinapanda hadi karibu 34 Hz. Priampu ni ile ile na vali ni zile zile, lakini besi imekuwa nyembamba. Mtu akihama kutoka amplifaya ya vali kwenda ya transista bila kugusa priampu, huilaumu priampu.

Kanuni: kikomo kiwe 2 hadi 3 Hz. Kwa mzigo wa 10 kΩ hiyo ni kama 5.3 µF hadi 8 µF, na iwe ya filamu. Kapasita ya ukubwa huo ni nene kama kidole gumba au zaidi, kwa hiyo pima nafasi ndani ya chasisi kabla ya kuagiza. Jua pia kwamba kapasita kubwa huchukua muda mrefu zaidi kujaa, hivyo kishindo cha kuwasha kinaongezeka. Kama priampu haina rilei (swichi ya umeme) ya kunyamazisha, washa priampu kwanza, subiri dakika moja, ndipo uwashe amplifaya.

Kuna kasoro ambayo kapasita haiponyi: impidansi ya kutokea iliyo juu mno. Ipime hivi. Cheza toni ya 400 Hz, pima volti za AC kwenye soketi ya kutokea ikiwa haijaunganishwa na kitu, kisha unganisha rezista ya 10 kΩ kati ya pini ya katikati na ardhi na upime tena. Kama volti 1.00 imekuwa 0.80, gawa ya kwanza kwa ya pili, toa 1, zidisha kwa 10 kΩ: impidansi ni 2.5 kΩ. Amplifaya inapaswa kuwa na angalau mara 10 ya hiyo, yaani 25 kΩ. Hatua ya 12AX7 inayotolea sauti moja kwa moja kwenye anodi yenye rezista ya 100 kΩ hufika kama 38 kΩ, na hiyo haifai kuendesha amplifaya yoyote ya transista. Kathodi folowa (hatua inayotolea sauti kwenye kathodi) ya vali hiyo hiyo hushuka chini ya 1 kΩ. Ikiwa mashine yako ni ya aina ya kwanza na amplifaya yako ni ya 10 kΩ, basi hapa ununuzi una haki kabisa, kwa sababu tatizo liko kwenye mchoro wenyewe.

"Mvumo ni kawaida ya vali"

Si kawaida. Priampu nzima hukaa kimya ukiwa umbali wa kusikiliza. Chomoa vyanzo vyote, chomeka kwenye soketi za kuingilia plagi za RCA zilizofungwa (pini ya katikati imeunganishwa na ardhi), kisha sikiliza. Mvumo ukitoweka, ulikuwa mzunguko wa ardhi (mkondo unaozunguka kati ya vifaa kupitia nyaya zao za ardhi), na mashine mpya ingevuma vile vile. Ukibaki, zungusha kitufe cha sauti. Ukibadilika nacho, chanzo kiko kabla ya potenshometa. Usipobadilika, kiko baada yake.

Sikiliza pia kimo chake. Kwenye umeme wa 50 Hz, mvumo mzito wa 50 Hz huashiria ardhi, hita za vali au transfoma iliyo karibu mno. Wa 100 Hz, mkali kidogo, huashiria kapasita za kuchuja zilizokauka. (Kwenye umeme wa 60 Hz, soma 60 na 120.) Kapasita za elektroliti zilizopita miaka 20 karibu na vali za moto hazihitaji kutetewa: zibadilishwe zote pamoja.

"Vali ni vali, mradi inaingia kwenye soketi"

Hapa mashine ghali huungua. ECC83 na 12AX7 ni vali moja yenye majina mawili, ECC82 ni 12AU7, na pini zao zote zinafanana. Lakini ya kwanza ina kipimo cha ukuzaji 100 na ya pili chini ya 20. Ukizibadilishana, sauti itatoka, ila mchoro utakuwa unafanya kazi nje ya mahali ulipopangiwa. Anayetaka kupunguza ukuzaji kwenye soketi ya 12AX7 atumie 5751: pini zile zile, kipimo 70, na hali za kazi zinazokaribiana.

Familia ya ECC88 ina mitego zaidi. ECC88, yaani 6DJ8, imewekewa kikomo cha 130 V kwenye anodi. E88CC, yaani 6922, hufika 220 V. Kwa hiyo 6922 huingia mahali pa 6DJ8 bila wasiwasi, lakini kinyume chake ni salama tu kama umepima volti za anodi. Kisha kuna 6N1P, inayosifiwa kama mbadala wa bei nafuu. Hita yake hula ampea 0.6 badala ya 0.365. Vali nne zinaongeza karibu ampea nzima, na transfoma iliyotengenezwa bila akiba itachemka. Wala ECC88 haiingii mahali pa ECC83: pini ya 9 kwenye moja ni ngao, kwenye nyingine ni katikati ya hita.

Kuhusu vali za zamani zilizohifadhiwa bila kutumika, maandishi kwenye kioo si ushahidi. Wino hufutika na huchapwa upya. Nunua vipimo, si jina.

Na wale wanaobadilisha vali zote kila mwaka wanatupa fedha. E88CC za daraja maalumu zilitengenezwa kwa lengo la saa 10,000. Kwa saa tatu kwa siku hiyo ni miaka tisa. Ukihisi upande mmoja umelegea au unakwaruza, zima, acha ipoe, badilishana vali ya kushoto na ya kulia, washa. Kasoro ikihama na vali, ni vali. Ikibaki mahali pake, vali haina hatia. Kuigonga taratibu kwa ncha ya penseli yenye kifutio kutakuonyesha kama imegeuka maikrofoni: mlio mfupi mdogo ni wa kawaida, mlio mrefu kama kengele si wa kawaida.

"Ukiongeza kapasita za umeme, kila kitu kinaboreka"

Kwenye rektifaya (sehemu inayogeuza AC kuwa DC) ya vali, kapasita ya kwanza ina kikomo kilichoandikwa kwenye karatasi ya vali: 50 µF kwa EZ81, 60 µF kwa GZ34. Ukiweka 220 µF hapo, mkondo wa kujaza unakuwa mkubwa kuliko rektifaya inavyoweza kubeba na cheche zinaruka ndani ya kioo. Anayetaka umeme safi zaidi aongeze ya pili au ya tatu, zile zilizo baada ya rezista au choki (koili ya kuchuja).

Kosa lingine ni kusoma volti za mashine ikiwa imepata moto. Kwa rektifaya za silikoni, transfoma ya 250 V AC hupandisha hadi karibu 353 V DC sekunde za mwanzo, vali zikiwa bado baridi na hazivuti mkondo. Kapasita ya kutokea inayokaa kwenye 180 V siku zote huonja zote hizo kila unapowasha. Basi ya filamu iwe ya 400 V kwa uchache, 630 V ni bora. Za kuchuja ziwe 450 V.

Kabla ya kugusa chochote ndani: chomoa waya wa ukutani, unganisha rezista ya 10 kΩ ya wati 5 kati ya chanya ya kila kapasita kubwa na chasisi kwa sekunde kumi, ukitumia waya zenye vibanio vilivyofunikwa, kisha hakikisha kwa multimita kwamba volti ziko karibu na sifuri. Kapasita ya 100 µF kwenye 300 V ina jouli 4.5, na inaweza kubaki nazo muda mrefu baada ya taa kuzima. Asiyezoea kazi hii aipeleke kwa fundi.

"Kichwa cha MC kinahitaji priampu nyingine"

Kichwa cha kusomea santuri cha MC (koili inayotembea) hutoa kama milivolti 0.3, cha MM (sumaku inayotembea) kama 5. Hatua ya fono (sehemu inayokuza mawimbi ya santuri) ya vali yenye 40 dB imetengenezwa kwa MM. Transfoma ya kupandisha ya 1:10 huongeza 20 dB bila kelele ya vali, na kichwa huona 47 kΩ ikigawanywa kwa 100, yaani 470 Ω, mzigo unaovifaa vichwa vingi vya impidansi ndogo. Iweke mbali na transfoma za umeme na uizungushe hadi mvumo upotee.

"Masikio yangu yanatosha kulinganisha"

Yanatosha kama sauti zimesawazishwa, na hapo ndipo karibu kila ulinganisho hufeli. Tofauti ya nusu desibeli haisikiki kama kuongezeka kwa sauti. Husikika kama uwazi zaidi na besi yenye nguvu. Priampu mpya yenye ukuzaji mkubwa kidogo itashinda kila mara. Ikiunganishwa kwa XLR dhidi ya RCA ya ile ya zamani, 6 dB za ziada zinaweza kuimalizia kazi, hata kama ndani yake mchoro wenyewe si wa pande mbili (balanced) na XLR ni soketi tu.

Cheza toni ya 400 Hz (multimita nyingi za bei ndogo hukosea kwenye 1 kHz na kuendelea), pima AC kwenye vituo vya spika, na urekebishe hadi mashine zote mbili zitofautiane kwa asilimia 1 au chini: volti 2.00 kwa 2.02 inakubalika, 2.00 kwa 2.10 haikubaliki. Weka alama kwenye vitufe. Mtu mwingine abadilishe nyaya bila kukuambia ipi ni ipi, amplifaya ikiwa imezimwa kila mara anapochomoa. Acha kila priampu ipate moto nusu saa kabla ya kuanza. Muuzaji asiyekubali mashine yake ijaribiwe hivi nyumbani kwako kwa siku chache, mwombe angalau vipimo viwili kwa maandishi: impidansi ya kutokea kwenye 20 Hz, wala si 1 kHz peke yake, na ukuzaji kwa desibeli.