Arusha haijakupandishia ushuru

Jana mteja kanipigia simu akifoka: "Wabunge wa Arusha wametuumiza tena!" Ni wa tatu mwezi huu. Kazi yangu ni kutoa mizigo bandarini, na jambo hili limenichosha.

Bunge la Jumuiya ya Afrika Mashariki, lenye makao Arusha, halipangi viwango vya ushuru. Linatunga sheria, ndiyo. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya 2004, ambayo naifungua kila siku, ilipita mikononi mwake. Kila nchi ina wabunge tisa pale, wanaochaguliwa na bunge la nchi yao. Hata hivyo muswada hauwi sheria mpaka wakuu wa nchi wote waukubali. Mmoja akikataa, unarudi bungeni. Ukipitishwa tena naye akakataa tena, umekufa. Sekretarieti, yaani ofisi ya watendaji wa Jumuiya, huandaa na kuratibu, basi.

Viwango ni kazi ya Baraza la Mawaziri la Jumuiya, na mawaziri hao si watu wa Arusha. Ni mawaziri wako, waliotoka kwenye serikali yako, na wanaamua kwa maafikiano. Kiwango ambacho waziri wako amekikatalia hakipiti. Kabla ya bajeti, mawaziri wa fedha hukutana kila mmoja na orodha yake: bidhaa hii tusiitoze kiwango cha pamoja (kile ambacho nchi zote wanachama hutoza bidhaa za nje ya Jumuiya) kwa mwaka mmoja, ile tuitoze zaidi. Maombi yakikubaliwa huchapwa katika Gazeti la Jumuiya, na Julai mosi tunaanza kutoza. Chukua mchele wa kutoka nje ya Jumuiya. Kiwango cha pamoja ni asilimia 75, lakini Kenya imekuwa ikiomba, mwaka baada ya mwaka, itoze 35. Ombi hilo limetoka Nairobi. Kwa hiyo ushuru ukibadilika, fungua Gazeti utazame ni nchi gani imetajwa kando ya bidhaa yako. Mara nyingi utakuta ni yako.

Mkataba wa 1999 ulioanzisha Jumuiya unasema sheria ya Jumuiya iko juu ya ya taifa katika mambo ya Jumuiya, nami naushikilia. Ila orodha za maombi zinavyorefuka, ulimi wangu unasita kuuita ushuru huu "wa pamoja", wakati mchele uleule una kiwango kimoja cha ushuru Mombasa na kingine Dar es Salaam.

Mteja nimemshauri aandike barua wizara ya fedha nchini kwake mapema, kabla maombi ya mwaka ujao hayajakusanywa. Nitamsaidia kuiandika.