Tundu kwenye moyo wa mtoto mchanga: maswali ya wazazi kabla ya upasuaji

Tumeambiwa mtoto ana tundu kati ya vyumba viwili vya chini vya moyo. Mbona alizaliwa vizuri tu?
Siku za mwanzo mishipa ya mapafu bado imebana, hivyo damu inayopita tunduni ni kidogo. Mishipa ikilegea, mara nyingi kati ya wiki ya 4 na ya 8, damu hufurika mapafuni. Mtoto huachia ziwa kila mara, hutokwa jasho kichwani akinyonya, huhema haraka, na uzito haupandi.

Lazima apasuliwe?
Matundu madogo mengi hujiziba yenyewe. Kubwa, linalomdumaza mtoto hata akipewa furosemidi (dawa ya kupunguza maji mwilini) na lishe ya ziada, huzibwa kwa kawaida kati ya miezi 3 na 6. Tanzania upasuaji huu hufanywa Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam.

Ndugu wanasema tungoje anenepe kwanza.
Msingoje. Hanenepi kwa sababu ya hilo tundu. Tena presha kubwa hukakamaza mishipa ya mapafu taratibu, na hapo kuna mtego: damu ya kwenda mapafuni hupungua, mtoto huacha kuhema haraka, nyumbani mnashukuru kwamba amepona. Mishipa ikishakakamaa kabisa, damu isiyo na oksijeni huvuka kwenda mwilini, midomo huwa ya bluu, na kuziba tundu huwa hatari kuliko kuliacha.

Madaktari wanafanya nini hasa?
Hupasua mfupa wa kidari, humpa mtoto heparini damu isigande, kisha mashine hushika kazi ya moyo na mapafu. Moyo husimamishwa kwa dawa yenye potasiamu nyingi. Daktari hupitia chumba cha juu cha kulia, husogeza vali na kushona kiraka. Kazi ngumu iko ukingoni mwa tundu, maana njia ya umeme wa moyo hupita hapo hapo. Sindano ikiijeruhi, mapigo hushuka mno. Ndiyo maana mtoto hutoka na nyaya nyembamba za muda kifuani, za kuupigisha moyo ikibidi. Wachache sana huhitaji betri ya moyo ya kudumu, yaani kifaa kidogo cha kuongoza mapigo.

Nyumbani tumbebeje?
Kwa wiki 6 msimnyanyue kwa makwapa wala kumvuta mikono. Mkono mmoja uwe chini ya kichwa na mabega, mwingine makalioni. Mgongoni kwa kanga bado, kifua kitabanwa. Akipata homa, kidonda kikitoa usaha, au akianza tena kukataa ziwa, mrudisheni hospitali siku hiyo hiyo.