Njano kwa njano kuzaa weusi: vinasaba na rangi ya mbwa

Mfugaji wa Nzega au Urambo akimpandisha jike wa njano kwa dume wa njano, kisha wakazaliwa watoto weusi, wazo la kwanza ni kwamba jike alitoroka usiku. Huenda alitoroka. Lakini dume huyohuyo anaweza kuwa ndiye baba, na ni vizuri kulijua hilo kabla ya kugombana na mwenye dume.

Manyoya ya mbwa hupata rangi kutokana na melanini, yaani chembe za rangi, za aina mbili tu: nyeusi, na ya njano inayoweza kukolea hadi wekundu. Penye weupe hakuna melanini. Mbwa ana kromosomu (nyuzi zinazobeba vinasaba) 78, yaani jozi 39, nusu kutoka kwa mama na nusu kwa baba, hivyo kila kinasaba cha rangi huwa na nakala mbili. Nakala yenye nguvu huonekana hata ikiwa moja. Iliyo dhaifu hujificha mpaka ikutane na mwenzake.

Unjano huja kwa njia mbili. Ya kwanza ni ya mbwa wa njano wa aina ya Labrador: nakala zote mbili za kinasaba E zina kasoro, kwa hiyo mwili hauwezi kuweka weusi kwenye unywele hata mmoja, ingawa pua inaweza kuwa nyeusi. Ya pili hutoka kwenye kinasaba A, na huonekana sana kwa mbwa wetu wa kienyeji. Huyu weusi anauweza, ila ameagizwa njano. Mtazame vizuri juani: mara nyingi utaona ncha nyeusi mgongoni na masharubu meusi.

Sasa mkutanishe dume wa Labrador wa njano na jike wa njano wa kienyeji. Labrador halisi hubeba kinasaba K, kinachoamuru weusi, lakini kwake hakifanyi kazi kwa sababu E yake ni mbovu. Jike wa kienyeji analeta E nzima. Mtoto akipata K ya baba na E nzima ya mama, anakuwa mweusi. Mama mwenye E nzima mbili huzaa weusi watupu. Mwenye moja, wastani ni nusu.

Rangi ya kahawia iliyokolea, yenye pua ya kahawia, huhitaji nakala mbili dhaifu za kinasaba B. Wazazi weusi wanaoificha huzaa kahawia mmoja kati ya wanne kwa wastani. Huo ni wastani tu, kwa hiyo watoto wanane wanaweza kuzaliwa wote weusi.

Tunachokisisitiza zaidi ni mabaka ya kijivu yaliyochanikachanika, yaitwayo merle. Nakala moja haina shida kubwa. Ukipandisha merle kwa merle, robo ya watoto hupata mbili, na wengi wao huzaliwa weupe, viziwi au vipofu, kwa kuwa seli za melanini zinahitajika pia ndani ya sikio na jicho. Usifanye hivyo kamwe, hata mnunuzi akitoa bei nzuri. Mbwa wa njano wa njia ya kwanza anaweza kuificha merle kabisa, hivyo uliza rangi za wazazi wake na za uzao wake uliopita.

Rangi peke yake haithibitishi baba. Jike huwa kwenye joto kwa takriban wiki tatu, na uzao mmoja unaweza kuwa na baba wawili. Mfungie muda wote huo, hata baada ya kupandwa na dume uliyemchagua. Ubishi ukibaki, kipimo cha vinasaba kwa ute wa ndani ya shavu, wa mama, mtoto na dume, ndicho kinachoumaliza.