Sentimita tisini kutoka mlangoni: kazi ya msanifu wa mandhari Kanada

Chukua jengo la ghorofa nne mjini Toronto. Sakafu ya mlango mkuu iko kwenye levo 100.00, yaani kimo kwa mita kutoka alama ya kupimia ya kiwanja, na njia ya waenda kwa miguu kando ya barabara iko kwenye 99.10. Kati ya mlango na njia hiyo kuna mita 12 tu. Umfikishe mlangoni mtu mwenye kiti cha magurudumu, mwezi wa Februari, na maji ya theluji inayoyeyuka yasiingie ndani. Huo ni mkate wa kila siku wa msanifu wa mandhari Kanada. Ndiyo maana nikipewa seti yoyote ya michoro naanza kukagua mchoro wa levo, wa mimea hungoja zamu yake.

Tupige hesabu. Kushuka ni mita 0.90. Ukinyoosha njia moja kwa moja unapata mteremko wa asilimia 7.5. Kanuni za ufikivu za Ontario, jimbo lenye Toronto, zinataka njia ya nje isizidi 1 kwa 20, yaani asilimia 5, na upana wake usipungue milimita 1500. Ukivuka hapo, njia imeshakuwa rampu, mteremko mkali wa kupandia badala ya ngazi, na rampu inakuja na masharti yake: mteremko usiozidi 1 kwa 15, vishikio pande zote mbili, ulinzi wa kingo, na sehemu tambarare ya milimita 1670 juu, chini, na kila baada ya umbali usiozidi mita 9.

Wanaoanza hukimbilia rampu wakidhani itawaokolea nafasi. Pima uone. Kwa 1 kwa 15, mita 0.90 zinadai mita 13.5 za mteremko, na kwa kuwa zimepita 9, lazima pawe na sehemu tambarare ya kati. Ongeza tatu za mita 1.67 kila moja, jumla inafika kama mita 18.5. Sasa jaribu njia ya kawaida: mita 1.5 za mwanzo mbele ya mlango ziteremke asilimia 2, zimekula mita 0.03. Zimebaki 0.87, ambazo kwa asilimia 5 zinataka mita 17.4. Jumla ni mita 18.9. Tofauti haifiki nusu mita! Na hiyo nusu mita umeinunua kwa vyuma vya vishikio ambavyo chumvi itavila na ambavyo mashine ya kuondoa theluji haiwezi kupita katikati yake, kwa hiyo kila asubuhi lazima mtu aje na koleo.

Suluhisho langu ni kuizungusha njia: itoke mlangoni, itambae sambamba na ukuta, kisha ikate kuelekea barabarani. Nami siichori kwa asilimia 5. Naichora kwa 4.5, ingawa inarefuka hadi karibu mita 20.8, kwa sababu fundi akikosea sentimita mbili katika mita tano, 5 imekuwa 5.4 na mkaguzi ana kipimo cha dijitali mkononi. Kuchora kwenye kikomo cha kanuni ni kumwachia fundi mzigo usio wake.

Kuna kikomo cha chini pia, nacho husahaulika zaidi. Sakafu ngumu yenye mteremko chini ya asilimia 1 haimwagi maji vizuri. Kidimbwi cha milimita tano kinachoonekana si kitu mwezi wa Julai hugeuka kioo usiku wa Januari, na mtu huvunjika nyonga juu yake. Asilimia 2 kutoka kwenye ukuta wa jengo, asilimia 2 upande kwa upande kwenye njia: hizo ndizo namba za kuanzia. Jiulize vilevile rundo la theluji litawekwa wapi. Likiwekwa upande wa juu wa njia, litayeyuka mchana, litapita juu ya njia, na usiku litaganda hapohapo. Rundo liwe upande wa chini, karibu na shimo la kupokea maji, na mbali na miti.

Baridi yenyewe hufanya kazi chini ya ardhi, mahali tusipopaona. Toronto misingi ya nje hushushwa mita 1.2, Winnipeg huzidi hapo sana. Watu hudhani tatizo ni maji kupanuka kwa asilimia tisa yanapoganda. Hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba udongo wenye chembe laini sana huvuta maji kutoka chini kama utambi wa koroboi unavyovuta mafuta ya taa, na maji hayo yakifika kwenye ubaridi hujenga matabaka ya barafu yanayozidi kunenepa majira yote ya baridi. Ngazi zinanyanyuka, nguzo ya taa inaegama, na Aprili kila kitu kinashuka bila kurudi pale kilipokuwa.

Dawa yake ni kuunyima utambi huo mafuta. Chini ya kabro, au pevingi kama wasemavyo Dar, kwa waenda kwa miguu tunaweka kati ya milimita 150 na 200 za kokoto mchanganyiko ambazo Ontario huitwa Granular A, zikishindiliwa kwa matabaka, kisha milimita 25 za mchanga mkali. Kwa magari, kokoto ni milimita 300 au zaidi. Mkandarasi akikuomba abadilishe mchanga uwe vumbi la mawe kwa sababu linakaa vizuri mkononi, kataa: vumbi hushika maji, na ukiyashika maji umeirudisha barafu. Kokoto zote hizo hazisaidii kitu kama chini yake kuna bakuli la udongo wa mfinyanzi lisilo na njia ya kutolea maji. Mteremko wa chini ufuate mteremko wa juu, uishie kwenye bomba lenye matundu.

Sasa miti. Viwango vya mazingira vya Jiji la Toronto kwa majengo mapya vinataka mita za ujazo 30 za udongo kwa kila mti. Linganisha na shimo tulilozoea kuona kwenye njia za mjini: mita 1.5 kwa 1.5, kina cha 0.9. Ni mita za ujazo mbili. Mti ndani yake huishi kama mmea wa chungu na kufa kama mmea wa chungu. Kwa kina cha mita 0.9, ujazo wa 30 unataka eneo la kama mita za mraba 33, na mjini eneo hilo liko chini ya njia ya watu. Hapo hutumika fremu za plastiki ngumu zinazobeba sakafu huku udongo uliolegea ukibaki ndani yake. Ni ghali, ndiyo maana ni kitu cha kwanza kukatwa bajeti inapobana. Nakusihi uipiganie mapema, kabla mhandisi wa mabomba hajapitisha laini zake mahali pale.

Upandaji wenyewe huharibika kwa jambo dogo: kina. Mti unakuja kutoka kitaluni na bonge la mizizi limefungwa gunia na kikapu cha waya, na mara nyingi shingo yake, pale shina linapotanuka kuwa mizizi, imefukiwa sentimita kumi ndani ya bonge. Fundi akipanda kwa kufuata uso wa bonge, shingo imezikwa. Mti hautakufa mwaka huo. Utadhoofika polepole, mizizi ikilizunguka shina na kulinyonga, na dhamana ya mkandarasi itakuwa imeisha zamani. Kwa hiyo kwenye mchoro andika wazi: tafuta shingo kwanza, chimba kwa kina cha kutoka shingo hadi chini ya bonge, kata waya na gunia sehemu ya juu, matandazo yasiguse shina.

Katika kuchagua mti, ramani ya kanda za ustahimilivu wa baridi ya Kanada huenda kutoka 0 hadi 9, lakini kando ya barabara chumvi huua mti ambao ramani imeuruhusu. Mepo ya sukari haivumilii chumvi. Gleditsia huvumilia. Usipande aina moja mtaa mzima pia: tangu mdudu mharibifu wa miti ya ash agundulike Windsor, Ontario, mwaka 2002, mitaa iliyokuwa na ash tupu imebaki uchi. Mfano ninaoupenda kuhusu mimea ya asili ni wa msanifu wa mandhari Cornelia Hahn Oberlander, aliyefariki Vancouver mwaka 2021. Kwa jengo la Bunge la Northwest Territories mjini Yellowknife, mbegu zilikusanywa palepale kwenye eneo, zikaoteshwa Vancouver, miche ikarudishwa kaskazini. Hakuna kitalu ambacho kingemuuzia mimea inayoijua ardhi ile.

Jina la kazi nalo lina sheria. Ontario, tangu sheria ya mwaka 1984, huwezi kujiita msanifu wa mandhari bila kuwa mwanachama kamili wa OALA, chama cha wasanifu wa mandhari cha jimbo hilo. Sheria inalinda jina, haizuii mtu kubuni bustani. Njia ya kawaida ni shahada yenye ithibati ya baraza la LAAC, kama zile za Guelph, Manitoba, Toronto au British Columbia, kisha muda wa kufanya kazi chini ya mwenye uzoefu, kisha mtihani wa usajili uitwao LARE. Mtihani una sehemu nne, mojawapo ni ya levo, utiririshaji na maji ya mvua peke yake. Ukifaulu na kukubaliwa, unapata muhuri, na mchoro ukiupiga muhuri umejibebesha dhamana yake. Aliyesoma nje, tuseme chuo kikuu cha JKUAT nchini Kenya, aandikie chama cha jimbo analokusudia kabla hajalipa ada yoyote, kwa kuwa masharti hutofautiana kati ya jimbo na jimbo. Anayeelekea Quebec ajiandae kufanya kazi kwa Kifaransa.

Ukipenda zaidi kujenga na kupanda kuliko kuchora, kuna cheti cha ufundi cha Red Seal cha mtaalamu wa bustani na mandhari, kinachotambulika nchi nzima. Tafadhali usikidharau. Msimamizi mwenye cheti hicho huokoa michoro mingi.

Ofisini, utafutaji kazi wenyewe huamuliwa na kurasa chache. Weka picha zako za rangi, lakini weka na ukurasa mmoja wa levo: kontua (mistari inayounganisha sehemu zenye kimo kimoja) zilizopo kwa mistari ya vipande, mpya kwa mistari kamili, levo za pointi kwenye kila kona ya njia, mlango na shimo la maji, mishale ya mteremko yenye asilimia zake. Kisha chukua kalamu nyekundu na ufuate tone moja la maji kutoka mlangoni hadi linapotoka nje ya mpaka wa kiwanja. Likikwama mahali popote, rekebisha kabla hujautuma.