Sajenti Carney hakuwa mweusi wa kwanza kuvishwa Nishani ya Heshima

Kila nikifundisha Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani lazima mkono unyooshwe: "Mwalimu, William Carney si ndiye mtu mweusi wa kwanza kupata Nishani ya Heshima?", yaani nishani ya juu kabisa ya ushujaa katika jeshi la Marekani. Siye. Nimechoka kulisema, basi leo naliandika.

Watu wanachanganya tarehe mbili. Tendo lenyewe ni la 18 Julai 1863, kwenye ngome ya Wagner, South Carolina. Mshika bendera wa Kikosi cha 54 cha Massachusetts, kikosi cha askari weusi wa upande wa Kaskazini, alipopigwa, Carney aliichukua bendera, akapanda nayo hadi ukingoni mwa ngome, na mashambulizi yaliposhindikana akarudi nayo huku anavuja damu, risasi zimempata zaidi ya mara moja. Msiione bendera kitambaa tu: ndani ya moshi wa baruti ndiyo iliyomwonyesha askari wenzake wako wapi, na aliyeishika ndiye aliyelengwa kwanza. Nishani sasa: 23 Mei 1900, miaka karibu 37 baadaye! Robert Blake, mwanamaji aliyetoka utumwani, alikwishapewa yake 1864, na Christian Fleetwood 1865. Kwa hiyo semeni hivi: kati ya matendo ya wanajeshi weusi yaliyotunukiwa nishani hiyo, la Carney ndilo la mapema zaidi. Ni sentensi moja tu, sijui ugumu uko wapi.

Kuna na madai mengine ninayoyasikia. "Alicheleweshewa kwa sababu ya rangi yake tu." Ubaguzi ulikuwepo, tena wa wazi. Kila askari wa kikosi chake aliwekewa dola 10 kwa mwezi, 3 zikikatwa za sare, wakati mzungu alipata 13. Wakagoma kupokea mpaka Bunge liliposawazisha malipo mwaka 1864. Lakini Joshua Chamberlain, mzungu na kanali, alipigana kwenye mapambano ya Gettysburg, ya vita hivyohivyo, Julai hiyohiyo ya 1863 na nishani yake ikatoka 1893. Nishani nyingi za vita vile zilitolewa miaka ya 1890. Someni tarehe kabla ya kutoa hukumu.

"Alifia Wagner." Aliyefia pale ni kamanda wake, Kanali Robert Gould Shaw. Carney alirudi New Bedford, mji wa Massachusetts, akasambaza barua kwa zaidi ya miaka 30, akafariki Desemba 1908 baada ya ajali ya lifti huko Boston.

"Nishani ilimtajirisha." Kwa lipi? Sheria ya kuwalipa wenye nishani dola 10 kwa mwezi ilipitishwa 1916, tena kwa waliotimiza miaka 65. Carney alikuwa na miaka zaidi ya 7 kaburini.