Ripoti ya utendaji ya afisa jeshini: sifa tupu hazimpandishi mtu cheo

Kila orodha ya vyeo ya Jeshi la Nchi Kavu la Marekani inapotoka, sisi tunaoshughulika na utumishi wa maafisa tunapokea maswali kwa Kiswahili, na ni yale yale. Yanatoka kwa maafisa vijana wenye asili ya Kenya, Tanzania, Kongo na Burundi. Mara nyingine yanatoka kwa wazazi wao waliopigiwa simu usiku wa manane na mtoto aliyevunjika moyo. "Ripoti yangu imejaa sifa mwanzo mpaka mwisho, mbona jina langu halimo?" Wengi wa vijana hawa waliingia kupitia mpango wa MAVNI, ulioandikisha wahamiaji wenye lugha zilizohitajika, Kiswahili kikiwemo, hadi uliposimamishwa mwaka 2016. Waliingia kama askari wa kawaida, wakapata uraia, kisha cheo cha afisa. Kazi wanaijua. Kinachowapiga chenga ni karatasi, yaani ripoti ya utendaji inayosomwa na bodi ya upandishaji vyeo.

Tahadhari kwanza. Maelezo haya ni ya elimu kwa umma, hayachukui nafasi ya kanuni. Kanuni inayotawala ni AR 623-3, na palipo na mgongano kati ya makala hii na kanuni hiyo, fuata kanuni. Jeshi la wanamaji, la anga na kikosi cha marini wana taratibu zao, kwa hiyo usichukue ya huku ukayapeleka kule. Swali la ripoti yako mahususi lipeleke ofisi ya utumishi ya kikosi chako, si kwa mjomba aliyestaafu mwaka 1998. Mjomba alitathminiwa kwa fomu nyingine.

Fomu ya sasa ni ya mfululizo wa 67-10, iliyoanza kutumika Aprili 2014 badala ya 67-9 ya mwaka 1997. Ipo ya maafisa wa ngazi ya kombania, yaani luteni-usu hadi kapteni, ipo ya meja na luteni kanali, na ipo ya kanali. Kila afisa ana watathmini wawili. Wa kwanza ni bosi wake wa karibu, anayepima kazi iliyofanyika. Wa pili, mtathmini mkuu, anapima uwezo wa mbele: huyu mtu apewe nini baada ya hapa? Watu wanachanganya haya mawili kila siku. Bosi wa karibu wa luteni anaandika aya nzima kuhusu jinsi kijana "atakavyokuwa jenerali", na kazi aliyoifanya mwaka mzima hakuna anayeiona. Hiyo si sehemu yake.

Sasa visanduku, maana ndiyo chanzo cha nusu ya malalamiko. Mtathmini mkuu ana visanduku vinne, na kwa Kiswahili cha moja kwa moja ni hivi: anafaa zaidi, anafaa sana, anafaa, hafai. Kisanduku cha juu kina kikomo. Ripoti anazozipa kisanduku hicho lazima ziwe chini ya nusu ya ripoti zote alizowahi kuandika kwa cheo hicho. Tazama neno "chini". Aliyeandika ripoti kumi za makapteni anaweza kuweka wanne tu kwenye kisanduku cha juu. Watano ni nusu kamili, na nusu hairuhusiwi. Anayeanza ana nafuu ndogo ya kumwezesha kuanza hesabu, lakini hesabu yenyewe inamfuata kila kituo anachohamishiwa, na kila cheo kina hesabu yake. Bosi wa karibu naye anabanwa vivyo hivyo kwenye kisanduku chake cha juu.

Kwa hiyo "anafaa sana" si tusi. Tunalieleza hili kila mwaka. Kwa hesabu hiyo, zaidi ya nusu ya ripoti hazina budi kuangukia hapo au chini yake, hata kikosi kikiwa kimejaa maafisa hodari watupu. Kikomo kiliwekwa kwa sababu bila hicho kila mtu hupewa alama ya juu, na bodi inabaki na rundo la malaika isijue impandishe nani. Na huko tulishapita.

Kuna dhana nyingine inayorudi kila mara, kwamba bodi iliona sura au ngozi ya mtu. Ukweli wa kiutaratibu ni kwamba tangu Agosti 2020 bodi za upandishaji vyeo haziwekewi picha ya afisa. Sisemi upendeleo haupo chini ya jua. Ninasema kwamba mara nyingi tukilifungua jalada la mlalamikaji tunakuta ripoti tatu mfululizo ambazo hazisemi chochote, na hapo hatuhitaji kutafuta sababu ya mbali.

Ripoti isiyosema chochote ikoje? Chukua mfano huu, ambao ni wa kubuni lakini nimesoma ndugu zake wengi: "Luteni huyu ni afisa bora sana, mwenye bidii, nidhamu na moyo wa kujituma. Anaheshimiwa na wakubwa na wadogo. Ni hazina kwa kikosi." Mzazi akisomewa hivi atashukuru. Mjumbe wa bodi anageuza ukurasa. Bodi hukaa Fort Knox, Kentucky, na wajumbe wake hawamjui kijana wala bosi wake. Wana majalada ya kusoma mpaka macho yaume, na kila jalada linapata dakika chache. Maneno "bidii" na "nidhamu" yamo kwenye majalada yote.

Sasa linganisha: "Aliongoza platuni ya usafirishaji yenye askari 34 na malori 18. Alikuta malori 11 tu yakiwa tayari kwa safari, ndani ya miezi minne akayafikisha 17, na katika zoezi la wiki tatu hakuna msafara wake uliokwama. Kati ya maluteni 5 ninaowatathmini, ndiye wa kwanza." Ni ndefu kuliko ile ya juu, lakini hapa tunajua alikabidhiwa nini, alikuta hali gani, aliiacha vipi, na akisimama na wenzake anasimama wapi. Sifa ya bidii haikuandikwa popote, na msomaji ameiona mwenyewe.

Nafasi kati ya wenzake ndiyo silaha kubwa ya mtathmini mkuu. "Wa 2 kati ya makapteni 9" inaeleweka hata na mtu mwenye usingizi. Lakini iwe kweli, na kundi liwe la maana. Kuna walioandika "wa 1 kati ya 1" kwa uso mkavu. Nambari ikiwa ndogo, eleza badala yake: katika makapteni wote niliowasimamia kwa miaka yangu ya ukamanda, huyu yuko kundi la juu. Kisha sema afanywe nini. Apandishwe pamoja na wenzake au kabla yao? Apelekwe chuo cha ukamanda na unadhimu Fort Leavenworth? Apewe kombania lini? Fomu inamtaka mtathmini mkuu ataje kazi tatu zinazofuatana zinazomfaa afisa huyo. Tunaona watu wanajaza tatu za ngazi moja, au kazi ambayo afisa ameshaimaliza, jambo linaloonyesha kwamba mwandishi alinakili ripoti ya mwaka jana.

Kumbuka pia kuwa kimya kinasomwa. Sehemu ya mtathmini mkuu ni mistari kama mitano. Akiijaza kwa hadithi ya zoezi na asitaje cheo kinachofuata, wala chuo, wala ukamanda, bodi itaelewa kuwa ameshindwa kusema hapana kwa mdomo. Huenda hakukusudia hivyo, lakini bodi haimpigii simu kumuuliza.

Hapa niseme na maafisa wetu wenyewe, kwa sababu kuna jambo la malezi. Tumelelewa kwamba kizuri chajiuza na kibaya chajitembeza. Mtu anayejisifu mbele ya mkubwa wake hana adabu. Kwa hiyo ukimpa kijana wetu fomu ya maandalizi, ile 67-10-1A ambayo afisa anajiandikia malengo na mafanikio yake, anairudisha na mistari miwili: "Nilitekeleza majukumu yangu. Nilishirikiana vema na wenzangu." Mwenzake wa meza ya pili ameandika kurasa mbili. Bosi wao ana ripoti kumi za kuandika na wiki mbili za kuziandika. Atachota wapi? Fomu hiyo si majigambo, ni kumbukumbu ya kazi, na kuijaza ni wajibu kwa kanuni. Andika idadi, tarehe na matokeo, uyaandike mwezi jambo linapotokea. Ukisubiri mwisho wa mwaka utakumbuka sherehe na kusahau ukaguzi wa silaha uliopita bila dosari hata moja.

Na watathmini wetu, maana siku hizi wapo makapteni na mameja wanaozungumza Kiswahili nyumbani na kuandikia wengine ripoti: heshima yenu inaponza vijana. Mnakwepa kumwambia mtu upungufu wake uso kwa uso mwaka mzima, kisha mnaweka kisanduku cha tatu na aya ya pongezi. Anashangaa, na ana haki ya kushangaa. Mazungumzo ya kwanza yafanyike ndani ya siku 30 tangu kipindi cha tathmini kuanza. Kwa maluteni, yarudiwe kila robo mwaka, si hisani. Tarehe zake zinaandikwa kwenye fomu ya maandalizi, na zikikosekana kijana atazitaja siku ya kulalamika.

Yasiyoruhusiwa ni mengi, nataja yanayotusumbua zaidi. Usitaje uchunguzi ambao haujakamilika, wala tuhuma isiyothibitishwa. Usitaje ndoa ya mtu wala mwenzi wake, hata kwa kusifu. Ni marufuku kuandika kwa vipande vya orodha badala ya sentensi, kupigia mistari, na kutumia alama za mshangao au herufi kubwa ili jambo lisikike kwa nguvu. Usizungumzie kisanduku ndani ya maelezo, kama vile kuahidi kuwa mwakani nafasi ikipatikana utampa cha juu. Ripoti yenye mambo haya inarudishwa, na kila inaporudi muda unakatika.

Kuhusu muda wenyewe. Bosi wa karibu anatakiwa awe amemsimamia afisa kwa siku zisizopungua 90, mtathmini mkuu siku 60. Kipindi kikiisha, ripoti iliyokamilika ifike makao makuu ndani ya siku 90. Ikichelewa, inaweza kukosa bodi, na bodi haisubiri. Afisa anasaini wa mwisho, na hapa naomba nieleweke kabisa: saini yako haimaanishi kwamba umekubaliana na ulichoandikiwa. Inathibitisha kwamba jina, tarehe, watathmini, maelezo ya kazi, na taarifa za utimamu wa mwili, urefu na uzito ni sahihi. Wanaokataa kusaini "kwa kupinga" wanachelewesha ripoti yao wenyewe, basi.

Ripoti ikiwa na maelezo mabaya, kisanduku cha mwisho, au afisa akiwa ameondolewa kwenye nafasi yake, lazima arudishiwe rasmi aisome na apewe muda wa kujibu kwa maandishi. Jibu liwe fupi, la ukweli, juu ya ripoti hiyo tu. Litaambatishwa, ila halihesabiki kuwa rufaa. Anayeamini kanuni zimekiukwa anaweza kuomba uchunguzi wa kamanda, na ombi hilo liwasilishwe ndani ya siku 60 tangu mtathmini mkuu aliposaini. Rufaa kuhusu maudhui ya tathmini ina kikomo cha miaka mitatu tangu tarehe ya mwisho ya kipindi cha ripoti, na mzigo wa ushahidi uko kwa mrufani. Ushahidi ni karatasi na kauli za watu waliokuwepo wakashuhudia kazi. Barua ya mchungaji au imamu kwamba wewe ni mtu mwema tunaipokea kwa heshima, lakini haibadilishi kitu. Makosa ya kiutawala, kama tarehe au cheo kilichokosewa, hayabanwi na kikomo hicho. Ukikataliwa huko, bado ipo bodi ya jeshi ya kusahihisha kumbukumbu.

Kwa nini tunasisitiza siku na miezi? Kwa sababu ya sheria ya mwaka 1980 inayosimamia maafisa. Kapteni au meja akikosa kuteuliwa kwa cheo kinachofuata mara mbili, huondolewa jeshini kabla ya kupita siku ya kwanza ya mwezi wa saba, kwa kuhesabu kuanzia mwezi unaofuata ule ambao matokeo ya bodi yaliidhinishwa, isipokuwa ameteuliwa kuendelea au amebakiza muda mfupi afikie kustaafu. Anayegundua baada ya kukosa mara ya pili kwamba ripoti ya miaka minne iliyopita ilikuwa na aya tupu, dirisha la rufaa ya maudhui limeshafungwa. Jalada lako linafunguka kwa kadi yako ya jeshi, kwenye mtandao, siku yoyote. Fungua ripoti ya mwisho uangalie kama imewekwa, kama kurasa zote zipo, na kama maelezo ya kazi yanaonyesha kazi uliyofanya kweli. Tunakutana na maafisa wanaoliangalia kwa mara ya kwanza wiki ambayo bodi imeanza kukaa.